Dkt Zachary Onyonka: Mwana wa Kitutu aliyekuwa mgeni mara tatu

MWENDA tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hiyo waliitunga mabaharia wa mwambao, lakini hata katika vilima vya Gusii, mamia ya kilomita kutoka baharini, yapo maisha yanayoithibitisha.

Ni maisha ya marehemu Dkt Zachary Theodore Onyonka, mwanauchumi aliyeingia bungeni mwaka wa 1969 kuwakilisha Kitutu Magharibi, na ambaye alikuwa bado mbunge mauti yalipomfika Oktoba 1996.

Wakenya wengi wa rika la makamo humkumbuka kama waziri. Alihudumu chini ya marais wawili, Mzee Jomo Kenyatta na Daniel arap Moi, na aliongoza wizara nyingi kiasi kwamba ni vigumu kuzitaja zote kwa mpigo mmoja.

Wachache hukumbuka kwamba kabla ya bendera kupepea kwenye gari lake, Onyonka alikuwa amekwisha kuwa mgeni mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa mgeni katika kisiwa cha Puerto Rico. Mara ya pili alikuwa mgeni katika mji wa theluji wa Syracuse, jimboni New York. Mara ya tatu, ambayo watu hawaihesabu, alikuwa mgeni nyumbani kwao.

Alizaliwa mwaka wa 1939, wakati ambapo Kisii ilikuwa wilaya moja, kabla ya Nyamira kumegwa kutoka kwake mwishoni mwa miaka ya 1980. Ulikuwa wakati wa mabadiliko. Kisii ilikuwa mojawapo ya wilaya chache, pamoja na Embu na Meru, ambako serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kupanda kahawa ya arabika katika miaka ya 1930. Baadaye pareto na majani chai vilifuata kwenye miinuko.

Hata hivyo, ardhi haikuongezeka. Baba aliyekuwa na wana wengi aligawa shamba vipande, na kila kipande kikazidi kuwa chembamba. Wazazi wa Gusii waliona mapema kwamba urithi wa pili lazima utoke darasani. Kalamu ikawa shamba lisilogawanyika.

Ili kuelewa ugeni uliomsubiri kijana wa Kigusii ng'ambo, yafaa kwanza kukumbuka malezi aliyotoka nayo. Kati ya miaka ya 1955 na 1957, mwanaanthropolojia Mmarekani Robert LeVine na mwenzake Barbara LeVine waliishi Gusii wakichunguza jinsi watoto walivyolelewa. Matokeo ya uchunguzi huo yalikuja kusomwa katika vyuo vikuu vingi duniani.

Walikuta jamii yenye adabu ya kujizuia. Watu hawakukazana macho wakizungumza. Mafanikio hayakutangazwa ovyo, kwa kuwa husuda iliogopwa kuliko njaa. Kati ya mtu na baba yake, na kati ya mtu na wakwe zake, kulikuwa na mipaka ya aibu na heshima iitwayo ensoni. Kijana aliyeivuka alionekana hakulelewa.

Kijana wa namna hiyo ndiye aliyetarajiwa kumtazama profesa usoni, kumwita kwa jina lake la kwanza iwapo mwenyewe angetaka hivyo, na kunyosha mkono darasani ili aonyeshe anachokijua.

Mlango wa Marekani ulikuwa umefunguliwa kwa kishindo. Mnamo Septemba 1959, ndege ya kwanza iliyoandaliwa kwa juhudi za Tom Mboya iliwabeba wanafunzi 81 hadi New York. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulichangia dola 100,000 ili safari ziendelee. Kufikia mwaka wa 1963, takriban vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamesafiri kupitia mpango huo, mbali na wengine wengi waliojitafutia nafasi na ufadhili.

Nauli na fedha za matumizi zilichangwa vijijini. Ng'ombe waliuzwa, michango ya chai ikaandaliwa, na waumini wakatoa sadaka. Kila shilingi iliyotolewa ilikuwa pia deni. Aliyeondoka hakuondoka peke yake. Alibeba begani tumaini la ukoo, na ukoo haukusahau nani alitoa nini.

Onyonka aliondoka Kenya ikiwa bado koloni. Tofauti na wengi wa rika lake waliopelekwa katika majimbo ya bara, yeye alisomea shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Inter American, kilichoanzishwa mwaka wa 1912 mjini San Germán, Puerto Rico.

Ilikuwa Marekani isiyo Marekani. Kisiwa hicho cha Karibea kilitwaliwa na Marekani kutoka kwa Uhispania mwaka wa 1898. Wakazi wake walipewa uraia wa Marekani mwaka wa 1917, lakini wanaoishi kisiwani hawampigii kura rais wa nchi hiyo. Kanisani, sokoni na barabarani lugha iliyotawala ni Kihispania.

Kwa hivyo mwanafunzi aliyetoka Gusii, ambaye tayari alikuwa amejifunza Kiswahili na Kiingereza juu ya Ekegusii cha mama yake, alijikuta tena akianza na maamkizi. Na maamkizi yenyewe yalikuwa mengine kabisa. Watu wa kisiwa hicho husalimiana kwa kukumbatiana na kubusiana shavuni, husimama karibu, na huzungumza kwa mikono na macho. Kwa mtu aliyefunzwa ensoni, salamu pekee ilitosha kumtoa jasho.

Lakini kisiwa kilikuwa pia na mambo ya kumpunguzia upweke. Milima yake ilipandwa kahawa kama ya kwao. Ndizi zilipikwa kila siku, na chakula kinachopendwa sana huko, mofongo, hutengenezwa kwa ndizi zilizokaangwa kisha zikapondwa. Aliyekua akila ndizi na ugali wa wimbi hakukosa kabisa kitu cha kumkumbusha jiko la nyumbani.

Kwa mwanafunzi wa uchumi palikuwa na funzo kubwa zaidi. Chini ya Luis Muñoz Marín, gavana wa kwanza kuchaguliwa na wakazi wenyewe mnamo 1948, Puerto Rico ilikuwa ikijitoa katika utegemezi wa miwa kwa kuvutia viwanda na kuwasamehe wawekezaji kodi. Mapato yalipanda. Wakati huo huo, mamia ya maelfu ya wanakijiji waliokosa kazi walihamia New York, nao wakawa wageni huko.

Maendeleo na uhamaji vilikwenda sako kwa bako. Yeyote aliyekijua Kisii, chenye watu wengi na ardhi kidogo, hakuweza kulitazama jambo hilo kama habari ya watu wengine.

Kutoka kisiwani Onyonka alielekea Chuo Kikuu cha Syracuse, alikopata shahada ya uzamili na kisha ya uzamifu katika uchumi. Hapo ugeni ulianza upya.

Syracuse ni miongoni mwa miji ya Marekani inayoangukiwa na theluji nyingi zaidi; kwa wastani huwa takriban mita tatu kwa msimu mmoja. Nyanda za juu za Gusii zina mvua ya mawe na asubuhi za baridi, lakini hakuna kitu huko kinachomwandaa mtu kuishi miezi mitano bila kuona udongo.

Baridi, hata hivyo, huzuiwa kwa koti. Suala la rangi halikuwa na koti. Puerto Rico ilikuwa na ubaguzi wake, lakini rangi huko zilipangwa kwa ngazi nyingi. Bara, mtu alikuwa mweupe au mweusi, basi. Sheria ya Haki za Kiraia ilipitishwa mwaka wa 1964 na ile ya haki ya kupiga kura ikafuata mwaka wa 1965.

Katika muongo huo, mtaa wa Fifteenth Ward, ambako Wamarekani weusi wengi wa Syracuse waliishi, ulibomolewa kupisha barabara kuu na majengo mapya. Mnamo 1963 mhadhiri wa kemia wa chuo hicho, George Wiley, aliongoza maandamano ya kupinga jinsi wakazi walivyofurushwa bila kupewa makao mema, na wanafunzi wakakamatwa.

Wanafunzi kutoka Afrika waliokuwa Marekani nyakati hizo walikumbana na jambo la kutatanisha. Mara nyingi walitendewa vyema pale ilipobainika kwamba ni wageni, huku mwenyeji mwenye ngozi kama yao akinyimwa chumba au kazi. Waliheshimiwa kwa sababu hawakuwa wa pale. Heshima ya namna hiyo ni mzigo kwa mwenye dhamiri.

Wataalamu walikuwa wakianza kuyapa majina mambo hayo. Mwaka wa 1960 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alichapisha makala mashuhuri kuhusu mshtuko wa utamaduni. Alieleza kwamba mgeni huanza kwa furaha ya mwezi wa asali, kisha huingia katika hasira na upweke, na hatimaye hujifunza desturi za wenyeji na kutulia. Wahenga walikuwa wamelisema kwa ufupi zaidi: ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho.

Miaka mitatu baadaye John na Jeanne Gullahorn, waliochunguza wasomi wa Marekani waliorejea kwao kutoka ng'ambo, walionyesha kwamba anayerudi nyumbani hupitia mshtuko ule ule kwa mara ya pili. Huu wa pili humwumiza zaidi kwa sababu hakuutarajia.

Kwa kizazi cha Onyonka, mshtuko wa pili ulizidishwa na historia. Siku hizo barua ilichukua wiki kadhaa, simu ilikuwa anasa, na nauli haikumruhusu mtu kuja likizo. Mtu aliondoka, akapotea kwa miaka.

Na nchi haikumngoja. Alipoondoka, bendera ilikuwa ya Mwingereza. Aliporudi katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, Kenya ilikuwa imejitawala tangu Desemba 12, 1963 na kuwa jamhuri mwaka wa 1964. Kufikia 1966 hata fedha mfukoni zilikuwa zimebadilika, Benki Kuu ya Kenya ikiwa imeanza kutoa noti zake. Huko Kisii, wakulima wadogo walikuwa wakipanda majani chai chini ya mamlaka ya KTDA, iliyoundwa mwaka wa 1964.

Alipata kazi ya kufundisha uchumi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Angeweza kubaki hapo. Chuo kina desturi zinazofanana popote duniani, na msomi aliyerudi hupata humo makao yasiyomdai mengi.

Kijijini hali ni nyingine. Mtu aliyerudi na shahada ya uzamifu huitwa daktari, na kwa mama mzee aliyeugua miguu daktari ni mtu wa kutibu. Jamaa waliochanga nauli wana watoto wa kusomeshwa. Wazee humpima kwa masikio: je, bado anaisema lugha inavyosemwa? Je, bado anajua nani wa kuamkiwa kwanza, na mbele ya nani hapaswi kufanya mzaha?

Katika jamii ambamo kujionyesha ni kukaribisha husuda, kila alichokileta kutoka ng'ambo, tangu viatu hadi namna ya kucheka, kilikuwa kinaweza kumgeukia.

Onyonka alichagua kuukabili mtihani huo hadharani. Mwaka wa 1969 aliacha darasa akagombea ubunge wa Kitutu Magharibi.

Ulikuwa mwaka mchungu. Tom Mboya aliuawa Julai jijini Nairobi. Mnamo Oktoba chama cha KPU kilipigwa marufuku, na kwa hivyo mchujo wa KANU uliofanyika Desemba ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe. Wapiga kura walimimina hasira na matumaini yao katika sanduku moja, na takriban nusu ya wabunge waliokuwepo wakabwagwa.

Mpinzani wake hakuwa mtu wa kubezwa. Lawrence Sagini alikuwa mwalimu, mwanasiasa wa kwanza wa Kigusii kuwa waziri, na mjumbe wa baraza la kwanza la serikali ya Uhuru. Yeye pia alikuwa amesoma Marekani, katika Chuo cha Allegheny jimboni Pennsylvania, kabla hata ya ndege za Mboya kuanza kuruka.

Ndiyo sababu ushindi wa Onyonka hauwezi kuelezwa kama ushindi wa msomi dhidi ya asiyesoma. Wote wawili walivuka bahari, wote wawili walirudi. Watu wa Kitutu waliwatazama wana wao wawili waliotoka ng'ambo, wakamchagua mmoja. Shahada haikumwokoa mkubwa, wala haikutosha kumpa mdogo ushindi. Kilichotakiwa ni kusikika kama mtu wa pale.

Wala si jambo dogo kwamba kampeni ziliendeshwa kwa lugha moja na kazi yenyewe kwa nyingine. Kiswahili hakikuruhusiwa bungeni hadi mwaka wa 1974. Mbunge wa mashambani aliomba kura kwa lugha ya mama, akatunga sheria kwa Kiingereza, kisha akarudi kuwaeleza wazee alichokifanya kwa maneno wanayoyafahamu. Kwa aliyezoea kuishi katikati ya lugha, huko nako kulikuwa kuvuka mpaka kila wiki.

Akiwa na umri wa miaka 30 tu, aliteuliwa na Mzee Kenyatta kuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo, wizara iliyoachwa na Mboya. Aliketi katika kiti cha mtu aliyewafungulia vijana wa rika lake njia ya Marekani.

Baadaye aliongoza Wizara ya Habari na Utangazaji, na mwaka wa 1973 akapelekwa Wizara ya Afya. Hivyo daktari asiyetibu akawa mkubwa wa madaktari wanaotibu. Kuanzia 1974 hadi 1976 alikuwa Waziri wa Elimu, wakati shule za msingi zilipofurika baada ya karo kuondolewa katika madarasa manne ya mwanzo.

Chini ya Rais Moi alirejea katika wizara ya mipango, wakati wa Mpango wa Maendeleo wa 1979 hadi 1983 uliolenga kupunguza umaskini na kuwapa wananchi mahitaji ya kimsingi. Kati ya 1987 na 1988 alikuwa Waziri wa Mashauri ya Kigeni, kipindi ambacho Kenya na Uganda zilifyatuliana risasi mpakani Busia mnamo Desemba 1987. Aliyekuwa mgeni katika nchi za watu sasa alipewa kazi ya kuzungumza na wageni kwa niaba ya taifa.

Haitakuwa haki kuyasimulia maisha hayo bila kivuli chake. Kukubalika nyumbani kuna bei, na katika siasa za enzi hizo bei ilikuwa kukaa kimya ndani ya baraza.

Jirani yake wa Kitutu Mashariki, eneo ambalo leo liko Nyamira, alikuwa George Anyona, aliyechaguliwa mwaka wa 1974. Anyona alisoma Makerere, karibu na nyumbani, lakini ulimi wake haukujua mipaka ya woga. Mwaka wa 1977 aliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, akaachiliwa mwishoni mwa 1978. Muda huo wote Onyonka alikuwa waziri katika serikali iliyomfungia jirani yake.

Historia imewaweka wote wawili katika kumbukumbu ya Gusii, kila mmoja kwa sababu yake. Mmoja alikumbukwa kwa kukataa, mwingine kwa kudumu. Msomaji atawapima kwa mizani yake.

Lisilopingika ni kwamba Onyonka alirudishwa mbele ya wapiga kura uchaguzi baada ya uchaguzi, jina la eneo likabadilika kuwa Kitutu Chache, vyama vingi vikarejea, naye akaendelea kuaminiwa. Alifariki Oktoba 22, 1996, akiwa na umri wa miaka 57.

Mwanawe, Richard Onyonka, alichaguliwa mbunge wa eneo hilo hilo mwaka wa 2007, akawa naibu waziri katika Wizara ya Mashauri ya Kigeni aliyowahi kuiongoza babake, na mwaka wa 2022 akachaguliwa Seneta wa Kisii.

Leo wana na mabinti wa Kisii na Nyamira wametapakaa duniani. Katika jimbo la Minnesota pekee, Wagusii wameunda jamii kubwa yenye makanisa na vyama vyake. Simu ya mkononi imefuta ukimya wa miaka, na pesa hufika kijijini kabla ya chai kupoa.

Lakini simu haijaufuta ugeni wa kurudi. Bado wapo wanaotua uwanjani Nairobi wakiwa na mizigo minne, kisha wakagundua kwamba hawajui waketi wapi katika nyumba ya baba yao. Wapo wanaokasirishwa na foleni, na maswali ya jamaa, na michango isiyokwisha. Wengine hukata tamaa mwezi wa tatu na kurudi walikotoka, wakisema nchi imeharibika.

Maisha ya Dkt Onyonka hayawapi dawa ya mara moja. Yanawaonyesha tu kwamba kwenda ng'ambo kulimchukua miaka isiyofika 10, ilhali kurudi kulimchukua miaka yote iliyosalia, kijiji kwa kijiji na uchaguzi kwa uchaguzi. Baharia huzunguka tezi na omo. Kufika ngamani nako ni kazi ya kutwa.